Rangi ina alama chache tu: namna eli ya kaharabu inavyoonjwa na kupimwa

Bia hii imepewa jina la rangi yake. Lebo huandikwa Amber Ale, yaani eli yenye rangi ya kaharabu, na mteja anayeikuta kwenye orodha ya baa hudhani ameshaambiwa anachokwenda kunywa. Hajaambiwa. Katika fomu inayotumiwa sana na waamuzi wa mashindano, mwonekano wote wa bia, rangi, uangavu na povu kwa pamoja, una alama 3 kati ya 50. Harufu ina 12, ladha 20, namna bia inavyokaa kinywani 5, na 10 za mwisho ni za tathmini ya jumla. Bia inaweza kung'aa kama shanga ya dukani na bado ikaambulia alama 18.

Fomu hiyo ni ya Beer Judge Certification Program, au BJCP, chombo kilichoanzishwa Marekani mwaka 1985 ambacho hufundisha waamuzi wa bia na kuwatahini. Mwongozo wake wa mwaka 2021 unaiweka eli ya kaharabu ya Kimarekani kwenye kundi 19A na kuitajia mipaka: kilevi asilimia 4.5 hadi 6.2, uchungu kati ya 25 na 40, rangi kati ya 10 na 17. Tarakimu hizi zinawatisha wengi bure. Ukijua kila moja inapima nini, na hasa isichopima, kazi ya kuonja inakuwa nyepesi zaidi.

Kwanza tutenganishe eli na laga. Bia nyingi za chupa tulizozoea Afrika Mashariki, Tusker, Safari, Kilimanjaro na ndugu zao, ni laga: hamira yake hufanya kazi kwenye ubaridi, takribani nyuzi 8 hadi 13, polepole, na huacha ladha safi isiyo na matunda. Hamira ya eli hupenda joto zaidi, nyuzi 18 hadi 21 hivi, na ikichachisha huacha harufu ndogondogo za matunda. Kwenye eli ya kaharabu ya Kimarekani harufu hizo hutakiwa ziwe kidogo tu. Ukinusa ndizi mbivu, hamira imetoka nje ya mstari.

Sasa rangi. Inatoka kwenye kimea, na yeyote aliyewahi kuona togwa ikitengenezwa ana nusu ya somo hili tayari: uji unatiwa kimea cha ulezi, wanga unageuka sukari, na kinywaji kinakuwa kitamu bila mtu kutia sukari. Mpika bia hufanya hivyo hivyo kwa shayiri. Tofauti ya eli ya kaharabu ni kwamba sehemu ya kimea chake imetengenezwa kwa njia ya pekee. Punje zilizochipua huchukuliwa zikiwa bado mbichi, zikafukizwa kwenye joto la nyuzi 65 hivi, hata wanga ukageuka sukari humo humo ndani ya ganda. Kisha joto hupandishwa na sukari ile ikaungulia ndani ya punje. Hiki huitwa kimea cha karameli. Kikikaangwa kidogo hutoa ladha ya tofi laini. Kikizidi kukaangwa hutoa sukari iliyoungua, zabibu kavu, hata tende. Sehemu ya sukari zake hamira haiwezi kuzila, kwa hiyo utamu na uzito fulani hubaki kwenye bia baada ya kuchachuka.

Hapa ndipo penye fundo. Rangi ile ile ya kaharabu inaweza kupatikana kwa njia mbili zisizofanana hata chembe. Mpika bia mmoja atatumia kimea cha karameli kwa wingi, na bia itatoka na utamu mzito. Mwingine atatumia kimea cheupe karibu chote, kisha atadondoshea kiasi kidogo sana cha shayiri iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi; bia itatoka nyekundu vile vile, lakini kavu, na mwishoni ina kionjo cha kahawa. Njia hii ya pili ndiyo inayotumika kwenye eli nyekundu za Ireland. Weka glasi hizo mbili dirishani, huenda jicho lisizitenganishe. Kipimo cha rangi, ambacho huangalia ni kiasi gani cha mwanga wa nanomita 430 kinachozuiwa na bia, nacho hakitazitenganisha. Ulimi utazitenganisha kwa funda moja. Ndiyo maana alama za mwonekano ni tatu, na kwa maoni yangu zinatosha kabisa.

Uchungu nao una hadithi yake. Hopsi, yale maua ya mmea utambaao yanayotiwa kwenye bia, zina asidi ambazo, zikichemshwa muda mrefu, hugeuka umbo na kuyeyuka kwenye bia. Miligramu moja kwa lita ni karibu sawa na kipimo kimoja cha uchungu. Hopsi za mwanzo wa kuchemsha, labda saa nzima kabla ya moto kuzimwa, hutoa uchungu. Zile za dakika za mwisho hutoa harufu, kwa kuwa mafuta yake hayajapata muda wa kupeperuka na mvuke. Kwa hiyo tarakimu ya uchungu haisemi lolote kuhusu harufu, na wala haisemi utaonja uchungu kiasi gani. Hiyo hutegemea sukari iliyobaki.

Tuchukue mfano wa hesabu. Wapika bia hupima uzito wa maji ya kimea kabla ya kuchachuka na baada yake, wakilinganisha na maji matupu ambayo ni 1.000. Tofauti ya vipimo hivyo ukiizidisha kwa 131 hivi unapata asilimia ya kilevi. Bia ya kwanza imeanza na 1.052 ikaishia 1.011. Ya pili imeanza na 1.060 ikaishia 1.019. Tofauti ni 0.041 kwa zote mbili, kwa hiyo lebo zote zitaandikwa asilimia 5.4 za kilevi. Tuseme zote mbili zina uchungu wa 30. Ya kwanza itakuwa chungu wazi, nyepesi, ikimalizika kavu. Ya pili itakuwa nzito na tamu, na uchungu ule ule wa 30 utajificha nyuma ya sukari. Kilevi kimoja, uchungu mmoja, pengine na rangi moja, lakini bia ni mbili tofauti. Mwongozo wa 19A unataka bia iishie kati ya 1.010 na 1.015, maana yake hii ya pili imevuka mpaka, ingawa lebo yake haina kosa lolote.

Mwamuzi anatafuta nini basi? Anatafuta mapatano kati ya karameli na hopsi. Mwongozo unaruhusu kimea kitangulie au hopsi zitangulie kidogo. Usichoruhusu ni kimoja kumeza kingine. Asili ya aina hii inalieleza hilo. Ilizaliwa Magharibi ya Marekani kwenye viwanda vidogo vya miaka ya 1980. Waanzilishi walikuwa wamepata hopsi mpya aina ya Cascade, iliyotolewa kwa wakulima mwanzoni mwa miaka ya 1970 baada ya utafiti wa serikali huko Oregon, yenye harufu ya balungi na maua. Eli zao nyeupe zilijengwa juu ya harufu hiyo. Kisha wengine wakaongeza kimea cha karameli ili bia iwe na mwili, na bia hizo nyeusi kidogo zikahitaji jina la kuzitofautisha na dada zake. Red Tail Ale ilikuwa ikiuzwa Hopland, California, mwaka 1983. Red Seal Ale ya North Coast na Full Sail Amber ya Hood River zilifuata kabla ya muongo kwisha. Huko Kalamazoo, Michigan, kiwanda cha Bell's kikaifanya eli ya kaharabu kuwa miongoni mwa bia zake za mwanzo.

Tuingie kwenye kuonja kwenyewe.

Kwenye baa zetu mhudumu huuliza, "Baridi au ya moto?" Kwa kazi hii jibu liko katikati, na kwa mara moja wanaokunywa ya moto wako karibu na haki kuliko wanaotaka chupa yenye barafu. Bia ikiwa karibu na kuganda, harufu zake hazipandi na ulimi unakufa ganzi. Eli ya kaharabu hufunguka kwenye nyuzi 8 hadi 12. Itoe kwenye friji, iache mezani dakika kumi na tano hivi, au ishike glasi kwa viganja. Usiinywe kwenye chupa: mdomo wa chupa hauachi nafasi pua ifanye kazi, na pua ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya tunachokiita ladha. Glasi yoyote yenye tumbo inafaa, mradi iwe safi bila mafuta wala mabaki ya sabuni. Ukiona mapovu yameng'ang'ania pembeni ya glasi chini ya uso wa bia, glasi ni chafu, na povu unalolilaumu halina hatia.

Mimina kwa kishindo kidogo ili povu lipande, kisha nusa kabla ya kuangalia. Mpangilio wa fomu nao ndio huo, harufu kwanza, kwa sababu baadhi ya harufu hutoroka ndani ya dakika moja. Nusa kwa vipindi vifupi vifupi, si pumzi moja ndefu. Pua huzoea upesi na kuacha kuripoti. Unachotafuta ni tofi au mkate uliobanikwa upande mmoja, balungi, msonobari au maua upande wa pili. Andika papo hapo. Ukisubiri jirani yako aseme "zabibu," nawe utanusa zabibu. Waamuzi huandika kimya, kila mtu na karatasi yake, bila kuona lebo, kabla ya kuzungumza.

Kuangalia hakuchukui muda. Rangi kuanzia kaharabu iliyokolea hadi kahawia ya shaba, povu la rangi ya maziwa linalodumu, bia iwe angavu isipokuwa pale hopsi zilizotiwa baada ya kuchachuka zinapoleta ukungu kidogo. Basi.

Funda la kwanza lisihukumiwe, linasafisha kinywa. La pili lipitishe polepole na ufuatilie linavyobadilika. Mwanzoni utaonja kimea, katikati hopsi zinapanda, na mwisho ndio mtihani: ukishameza, toa pumzi puani na uhesabu kinachobaki. Eli nzuri ya kaharabu huacha uchungu safi na kivuli cha karameli. Mbaya huacha utando wa sukari nyuma ya meno, na ukishauona utando huo hutatamani glasi ya pili. Waamuzi wa bia humeza, hawatemi, kwa kuwa ladha ya mwisho na pumzi hiyo ya puani ni sehemu ya alama. Na ile ramani ya ulimi tuliyofundishwa shuleni, uchungu nyuma na utamu mbele, isikusumbue: ilitokana na kusomwa vibaya kwa utafiti wa Kijerumani wa mwaka 1901. Ulimi wote huonja uchungu.

Sehemu inayotenganisha mwonjaji wa kawaida na mwamuzi ni dosari, na eli ya kaharabu ina ujanja wake hapa. Dosari ambazo kwenye laga nyeupe zingepiga kelele, humu huvaa nguo za karameli.

Chukua diasetili. Ni zao la hamira linalonukia siagi, kama bisi za sinema, na watu wengi huinusa ikifikia sehemu ya kumi tu ya miligramu kwa lita. Hamira huizalisha na baadaye huila yenyewe, ikipewa siku za kutosha kumaliza kazi. Kiwanda chenye haraka kikiipooza bia mapema, siagi inabaki. Kwenye laga utaikamata mara moja. Kwenye eli ya kaharabu siagi hukutana na karameli, na mchanganyiko wa viwili hivyo ni tofi. Mnywaji anasifu "tofi tamu" ambayo kwa kweli ni kazi iliyoachwa njiani. Njia ya kuigundua ni kinywa, si pua: diasetili huacha utelezi juu ya ulimi ambao karameli peke yake haiuachi. Tena kuna watu wasioinusa kabisa, kwa maumbile tu, ndiyo sababu moja ya meza ya waamuzi kuwa na watu wawili au zaidi.

Hewa ni mjanja zaidi. Oksijeni iliyoingia wakati wa kujaza chupa huanza kazi polepole. Kwenye bia nyeupe matokeo ni harufu ya boksi la karatasi lililolowa, na hakuna anayelifurahia. Kwenye bia yenye kimea cha karameli, hewa huleta pia utamu wa asali iliyokaa, zabibu kavu, kitu kinachokaribia mvinyo mtamu, huku harufu ya balungi ikififia. Mnywaji hasemi bia imezeeka. Anasema ina kimea kingi. Nimewaona watu wanaojua wanachokifanya wakiisifu chupa iliyochoka kwa sifa ambazo mpika bia hakuitia. Kipimo ni hopsi. Ukiona utamu umejaa halafu hopsi hazionekani popote, geuza chupa usome tarehe.

Joto ndilo linaloharakisha. Wafanyabiashara wa bia wana kanuni ya mkono wanayoiita tatu, thelathini, mia tatu: siku 3 kwenye nyuzi 32 huizeesha bia karibu sawa na siku 30 kwenye nyuzi 22, au siku 300 kwenye nyuzi 3. Si sheria ya maabara, lakini msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa aisome mara mbili. Eli ya kaharabu iliyovuka bahari ndani ya kontena na kukaa bandarini, kisha kwenye ghala la bati, inafika ikiwa si ile aliyoionja aliyeiandikia sifa. Ukiipa alama, unaipa safari pamoja na bia. Hii nayo ni hoja ya haki kwa viwanda vidogo vya jirani: bia ya kawaida iliyotengenezwa wiki mbili zilizopita mtaa wa pili mara nyingi huishinda bia mashuhuri yenye miezi minane.

Dosari nyingine nazipitia haraka. Tufaha bichi ni dalili ya bia changa. Mahindi ya kuchemsha hutokana na kimea cheupe kisichochemshwa vya kutosha, na humu ni nadra. Uvundo unaokuja baada ya chupa kukaa juani ni wa hopsi zilizovunjwa na mwanga. Chupa ya kahawia huzuia, ya kijani huzuia kidogo, nyeupe haizuii chochote.

Baada ya yote hayo kuna swali ambalo fomu haiwezi kulimaliza: unapima bia hii ilivyo, au unapima ilivyofuata kundi lake? Chukua Fat Tire ya New Belgium, Fort Collins, Colorado. Jeff Lebesch alipata wazo lake kwenye safari ya baiskeli nchini Ubelgiji, na yeye na Kim Jordan walianza kuiuza mwaka 1991. Ilikuwa na kilevi cha asilimia 5.2 na uchungu wa 22, na sifa yake ilikuwa kimea chenye ladha ya biskuti, si hopsi. Alaskan Amber ya Juneau, inayotengenezwa tangu 1986, inafuata mtindo wa bia za alt, eli za Kijerumani za rangi ya shaba, na ina uchungu wa 18. Mipaka ya kundi 19A huanzia 25. Mwamuzi anayeshika mwongozo ingebidi azikate alama bia mbili ambazo, kwa Wamarekani wengi, ndizo zilizowafundisha neno lenyewe.

Mimi naona mwamuzi ana haki hiyo. Mashindano hupokea bia nyingi zisizo na majina, na pasipo mpaka kila meza ingempa ushindi mwenye kelele zaidi. Ndicho kinachotokea kwenye programu za simu ambako umma hutoa nyota: juu ya orodha hujaa bia nyeusi zenye kilevi kikali na bia za hopsi nyingi zenye ukungu, na eli ya kaharabu, ambayo kazi yake ni kutopita kiasi, hubaki katikati hata ikiwa haina dosari. Shinikizo hilo lina uzito wa kweli sokoni. Mwaka 2023 New Belgium waliibadilisha Fat Tire, wakaifanya nyeupe na kavu zaidi, na neno la kaharabu likaondolewa kwenye jina. Lakini anayekunywa nyumbani hana kundi la kulinda. Kwake zile alama 10 za tathmini ya jumla ndizo zenye thamani, na swali lake ni jepesi: glasi imeisha bila kujilazimisha?

Ukitaka kujua kama pua yako inastahili kuaminiwa, viwanda vina jaribio ambalo halihitaji maabara. Nunua chupa mbili za bia moja zenye tarehe moja. Moja iweke kwenye friji, nyingine juu ya kabati jikoni kwa mwezi mmoja, mbali na mwanga. Siku ikifika zipoze zote sawa, kisha mtu mwingine amimine glasi tatu bila wewe kuona, mbili kutoka chupa moja na ya tatu kutoka nyingine. Kazi yako ni kuitaja iliyo tofauti. Kubahatisha tu kunakupa nafasi moja kati ya tatu, kwa hiyo ukipatia mara moja usijisifu. Rudieni kwa mpangilio mwingine, mara tano au sita, na aliyemimina aandike majibu kwenye karatasi kabla hujafungua mdomo.